Sentensi ya Chini ya Mstari

Daftari lilikuwa la kurasa arobaini na nane, pembe moja imeliwa na mchwa, na Koplo Abdi alilishika kwa ncha za vidole kama anayebeba yai bichi. Alilifungua mezani kwa Sajenti Rukaya Mhina, akageuza hadi ukurasa wa Ijumaa iliyopita, akaweka kidole.

“Soma mwenyewe, afande. Nisije nikaambiwa nimetia chumvi.”

Rukaya alisoma. Mwandiko ulikuwa mkubwa na mzito, wa mtu aliyejifunza kushika kalamu akiwa tayari ana ndevu. *I took him to the dam. I put him into the water.* Pembeni, kwa wino mwekundu, Abdi alikuwa ameshatafsiri: nilimpeleka lamboni, nikamtia majini. Kuandika juu ya kielelezo ni kosa ambalo askari huonywa nalo wiki ya kwanza chuoni. Abdi alionywa kama wenzake, ila furaha ilimzidi.

“Amekiri kwa mkono wake,” alisema. “Tena kwa Kiingereza.”

“Na mfuko wa marehemu tumeukuta kwake,” aliongeza Afande Richard, mkuu wao, aliyekuwa amesimama dirishani na kikombe cha chai. “Mimi nataka nini tena? Keshokutwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, Moreto anasomewa shtaka la mauaji.”

Rukaya alijua maana ya saa tatu hiyo. Mauaji hayana dhamana. Mtu akishasomewa shtaka la namna hiyo hurudi mahabusu kungoja, na kungoja kwenyewe huenda kwa mwendo wa kinyonga. Watoto huanza shule, ng'ombe hugawanywa, mke huzeeka.

Marehemu alikuwa Mwalimu Jonathan Shemdoe, mstaafu wa miaka sitini na minane, mzaliwa wa Magoma kule Korogwe. Alikuwa akiishi Kang'ata peke yake, na kila alasiri aliwafundisha watu wazima Kiingereza katika banda la zamani la mahindi. Wakulima walikuja, wafugaji walikuja, kila mmoja akiwa amesikia kwamba wageni wa utafiti wa madini wanataka walinzi na wapishi wanaojua kujibu swali. Ijumaa baada ya darasa aliaga anakwenda kwa binti yake. Jumapili maiti yake ilionekana katika lambo la mifugo, na jioni ileile Moreto, mfugaji aliyekuwa mwanafunzi wake, akakamatwa na mfuko wa marehemu.

“Ripoti ya daktari umeisoma, Abdi?” aliuliza Rukaya.

“Amekufa maji.”

“Endelea chini.” Rukaya alisoma mwenyewe. “Mguu wa kulia umevunjika. Viganja vyote viwili vimechubuka. Chini ya kucha kuna vipande vya gome la mti. Kando ya lambo lile kuna mti gani?”

“Mti? Lambo la mifugo?” Abdi alicheka. “Hata jani hakuna, afande. Ng'ombe wamekula mpaka...” Akakohoa.

“Basi gome amelitoa wapi?”

Afande Richard aliweka kikombe chini. “Una mpaka Ijumaa saa mbili, Rukaya. Usipoleta mtu, nakwenda na huyu niliye naye.”

*

Nje, kwenye benchi la saruji, mke wa Moreto alikuwa amekaa tangu asubuhi na kibuyu cha maziwa mapajani. Aliitwa Resian. Maziwa hayakuruhusiwa kuingia, naye alishaambiwa hivyo tangu Jumatatu, lakini alikuja nayo kila siku.

“Shikamoo,” alisema.

“Marahaba. Unafikaje hapa kila siku kutoka Kang'ata?”

“Kuna kijana wa pikipiki, anasoma na mume wangu. Ukasha. Ananileta, jioni ananirudisha. Hela yangu hataki.”

“Ana utu.”

“Ana utu,” alisema Resian, na macho yakamjaa machozi, maana ni mtu mmoja tu aliyekuwa amemtendea wema wiki ile.

Moreto mwenyewe alikuwa mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu. Alikaa chumba cha mahojiano shuka lake limekunjwa vizuri magotini, kama mgeni ambaye hajakaribishwa bado.

“Ijumaa uliandika nini darasani?” Rukaya aliuliza.

“Kiingereza.”

“Kinasemaje?”

Moreto alifikiri. “Sijui bado. Mwalimu alisema tuuzoeze ulimi kwanza, maana itakuja nyuma.”

“Ukaandika kwamba ulimtia mtu majini bila kujua?”

“Afande Abdi ameniuliza hivyo siku tatu. Nimemwambia niliandika kama wenzangu. Anasema wenzangu hawakukutwa na mfuko.”

“Huo mfuko uliupata wapi?”

“Lamboni. Jumamosi asubuhi nilipeleka ng'ombe, nikauona unaelea. Niliujua ni wake. Nikauvuta kwa fimbo.”

“Mbona hukutoa taarifa?”

“Ndani kulikuwa na vitabu vyake, vimelowa. Nilikuwa natenganisha kurasa mojamoja, nazianika. Nilitaka Jumatatu nimpe vikiwa vizima.” Akatazama mikono yake. “Sikujua kwamba yeye mwenyewe yumo mle chini. Ng'ombe walikunywa yale maji, mama. Na mimi nilinawa uso.”

Rukaya hakuuliza zaidi. Alikuwa ameshahoji waongo wa kila rangi kwa miaka kumi na saba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujitetea kwa kuanika vitabu. Lakini hakimu hapimi hivyo. Hakimu angeuliza: nani basi?

*

Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa Segera, pale barabara za Tanga, Arusha na Dar es Salaam zinapokutana na kila basi husimama hata kama halina sababu. Binti wa marehemu, Hosiana, alikuwa akiuza machungwa hapo. Wiki haijaisha tangu apotelewe na baba, na alikuwa amerudi kazini na kanga ya msiba kiunoni.

“Pole na msiba, dada.”

“Ahsante. Kaa hapo kwenye kreti.”

Abdi alikuwa ameandika katika jalada kwamba Hosiana na baba yake walikuwa na ugomvi wa nyumba ya Magoma. Akaupigia mstari mara mbili, kama akiba, endapo Moreto angemponyoka. Rukaya alianza na hilo.

“Ni kweli tuligombana,” alisema Hosiana. “Miaka miwili hatukusemeshana. Mama alipofariki nilimwambia arudi Magoma, nyumba ipo, mimi nipo. Akasema hawezi kuwaacha wanafunzi wake. Nikamwambia,” alishika chungwa, akaanza kulimenya bila mteja kuliomba, “nikamwambia basi na wakuzike hao wanafunzi wako.”

Akalia hapohapo, kisu mkononi. Mwanamke wa meza ya pili alikuja, akamtoa kisu taratibu, akarudi kwenye biashara yake. Rukaya alingoja.

“Ijumaa ulikuwa wapi?”

“Hapa. Namngoja. Uliza yeyote. Kila basi lililotoka Handeni nililikimbilia.” Wachuuzi watatu waliulizwa kando, kila mmoja peke yake, wakasema vilevile. Hosiana aliondoka na basi la mwisho, akiwa ameshapiga simu ya baba yake mara tisa bila kuipata.

“Alikupigia kabla?”

“Saa kumi na dakika arobaini. Ndiye aliyetaka kuja, mwenyewe. Akasema, ‘Mama, nimepata wa kunipakia hadi stendi ya Handeni, mwanafunzi wangu. Chemsha chai.’” Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. “Neno ‘mama’ alikuwa hajaniita tangu niolewe.”

“Alisema wa kunipakia? Si wa kunisindikiza?”

“Wa kunipakia.”

Rukaya alitoka kando, akampigia mkuu wake. Moreto hana pikipiki, alisema. Hata baiskeli hana. Afande Richard alisikiliza, akajibu kwamba mwingine angeweza kumpakia na Moreto akamvizia njiani.

“Niletee aliyempakia,” alisema. “Mpaka sasa pikipiki yako haina dereva.”

*

Gari liliingia Kang'ata saa tisa na nusu. Rukaya alitegemea kukuta banda limefungwa. Likawa wazi, na ndani walikuwamo watu kumi na mmoja juu ya magunia na mabenchi, madaftari magotini, wameinamisha vichwa wakiandika. Mbele hapakuwa na mtu. Ubao ulikuwa bado na maandishi ya Ijumaa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuufuta.

“Shikamoo, bibi,” Rukaya alimsalimia aliyekuwa mkubwa kuliko wote, mwanamke wa miaka kama sabini, miwani yake imefungwa kwa uzi.

“Marahaba, mwanangu. Mimi ni Maryamu. Karibu darasani.”

“Mnasoma na nani?”

“Na ubao. Mwalimu hakutuambia tuache.”

Rukaya aliusogelea. Mistari ya chaki iliugawa ubao safu tano. Safu ya kwanza ilikuwa ya watenda: *I, he, she, they*. Ya pili vitenzi: kuchukua, kuweka, kuacha, kutoa, vyote vya wakati uliopita. Ya tatu viwakilishi, anayetendwa: *him, her, it, them*. Ya nne vile vineno vidogo vinavyosumbua watu hadi chuo kikuu: *to, into, from, under*. Ya tano mahali na vitu vya hapohapo Kang'ata: lambo, maji, gunia, nyumba, zizi.

“Hili linatumikaje?”

“Kama kuchuma mboga,” alisema Bi Maryamu. “Unachuma moja kila safu, unaunganisha. Sentensi kumi kila siku. Maana isikushughulishe, ulimi uzoee kwanza nani anakaa wapi.” Akafungua daftari lake bila kuona haya. “Mimi Ijumaa ile nilimweka mwanamke chini ya nyumba. Hii hapa. *I put her under the house.*”

“Kumbe jambazi mkuu ni wewe, bibi.”

Watu walicheka kidogo, kicheko cha msibani, kisha wakajuta. Rukaya aliomba madaftari yote yafunguliwe ukurasa wa Ijumaa. Alipita benchi kwa benchi. Lomayani, mfugaji, alikuwa amewatia watu wote majini. Sharifu, mkulima wa mahindi, alimchukua mwanamume akampeleka lamboni, kisha akamtoa guniani. Sentensi ya Moreto, ile ambayo ingemla miaka yake, ilikuwa katika madaftari matano, neno kwa neno. Rukaya alipiga picha kila ukurasa kwa simu. Alimwonea Abdi haya kuliko alivyomkasirikia.

Halafu akaona mstari. Chini ya kila kazi ya siku, katika kila daftari, ulipigwa mstari kwa rula, na chini ya mstari kulikuwa na sentensi moja ya kumi na moja.

“Na hii ya chini?”

“Hiyo ndiyo ya kwako,” alisema Bi Maryamu. “Za juu za ubao, ya chini ya moyo. Unaiandika usiku nyumbani; lazima iwe kweli, iwe ya siku hiyohiyo. Mwalimu alikuwa anasema Kiingereza chetu bado ni kidogo mno kudanganyia, basi tukitumie kusema kweli kabla hakijakua.”

“Alizisoma nani?”

“Yeye tu. Hakusahihisha hizo. Alitia alama ya vyema, akarudisha.”

“Na tangu afe?”

Bi Maryamu alivua miwani. “Tunaandika. Siku hazijaacha kuja, mwanangu. Mtu akishazoea kuulizwa leo umeonaje, hawezi kuacha tu.”

Rukaya alirudi kwenye benchi la kwanza. Safari hii hakutazama za juu. Chini ya mstari wa Moreto, alikumbuka sasa, kulikuwa na maneno ambayo Abdi hakujisumbua kuyatafsiri: *My red cow is sick*, ng'ombe wangu mwekundu anaumwa. Ya Bi Maryamu ya Ijumaa ilisema amekula ugali peke yake. Nani ana pikipiki hapa? aliuliza, na mikono mitatu ikanyooka: Sharifu, Lomayani, na kijana wa kama miaka ishirini na minne aliyekaa mlangoni, kofia ngumu ya pikipiki chini ya miguu yake.

Ya Sharifu ilisema pikipiki yake haina gurudumu, na kweli, wenzake walithibitisha, ilikuwa imeegeshwa juu ya matofali wiki mbili. Ya Lomayani ilisema amewabeba wanawake wawili na kuku wao. Wanawake wenyewe walikuwa mama yake na shangazi yake, na walikwenda upande wa pili kabisa.

“Daftari lako, mdogo wangu,” alimwambia yule wa mlangoni.

Kijana alisimama. Alilitoa kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kidogo, kama wote walivyokuwa wakimpa mwalimu. Lilipokwisha kutoka mikononi ndipo alipokumbuka ni nini alichotoa. Mikono ilibaki hewani ikiwa mitupu. Jalada lilikuwa na jina: Ukasha.

Ijumaa, chini ya mstari, palikuwa patupu. Jumamosi: sikulala. Jumapili: wamempata. Jumatatu: wamemchukua Moreto. Jumanne: nampeleka mke wake Handeni, sichukui pesa kwake. Jumatano, yaani jana, mwandiko ulikuwa umekandamizwa hadi karatasi ikatoboka. *He called me. I did not go back to him.*

Rukaya alisoma mara mbili. Kiswahili kingeyameza yote hayo katika maneno mawili, aliniita, sikumrudia, yakapita kooni upesi. Kiingereza kilimlazimisha kijana yule akiweke kila kitu mahali pake: mimi hapa, yeye kule, na njia iliyokuwa katikati yao.

Alilifunga daftari. Hakutaka watu wale kumi waione habari hiyo wakiwa pamoja naye chumba kimoja.

“Ukasha,” alisema kwa sauti ya kawaida, “twende ukanioneshe njia.”

*

Korongo lilikuwa kilomita nne kutoka kijijini. Mkondo wake huishia katika lambo la mifugo, lakini sasa lilikuwa kavu. Mchanga ulikuwa mweupe na safi, na mbuzi wa mtu walikuwa wakipita wakila maganda ya migunga. Upande wa chini, mkuyu uliinama juu ya mkondo, mizizi imeachwa wazi na maji. Mzizi mmoja mnene ulikuwa umechunwa gome kwa urefu wa mikono miwili. Rukaya aliupiga picha, akachukua kipande cha gome kwa koleo dogo, akakitia kwenye bahasha, akaandika tarehe na saa.

“Ukasha, unayo haki ya kunyamaza. Utakachosema kitaandikwa. Umeelewa?”

“Nimeelewa, afande.”

“Ilikuwa hapa?”

“Hapa.”

“Sema.”

“Mvua ilikuwa imenyesha, maji yalikuwa ya magotini. Nikamwambia mwalimu tungoje. Akasema Hosiana anangoja, tupite polepole. Tulipofika katikati yakaja mengine kutoka juu, kwa mkupuo. Pikipiki ikalala. Mimi niling'ang'ania usukani, nikatoka nayo upande ule wa kijijini. Yeye alichukuliwa, akashika mzizi.”

“Ulikuwa umbali gani naye?”

“Mimi pale kwenye jiwe.”

Rukaya alipima kwa hatua. Zilikuwa kumi na nne.

“Alisema nini?”

“Aliniita. Ukasha. Ukasha. Nikataka kuingia, maji yakanifika kiunoni, nikaogopa, nikatoka. Akasema mguu umevunjika. Halafu akasema, nenda kaite watu, mimi nimeshika.”

“Ukaenda.”

“Nikaenda.”

“Nyumba ya kwanza ni ya nani?”

“Ya mzee Kisemei. Dakika tano.” Ukasha alikuwa anauangalia mchanga. “Walikuwa wamekaa nje, wanapukuchua mahindi. Ilikuwa bado mchana. Kamba ya ndama ilikuwa imening'inia mlangoni, niliiona. Nikapunguza mwendo. Wakanipungia mkono. Nikawapungia. Nikapita.”

Mbuzi walivuka korongo, wakapanda ukingo. Rukaya alikuwa na swali moja tu na hakutaka kuliuliza.

“Kwa nini?”

“Sina leseni, afande. Mwezi wa tatu nilimwangusha mama mmoja huko Mkata, akavunjika mkono. Nikaambiwa nikirudia ni jela. Nilijua watauliza nani alimpakia. Nikasema nipite kwanza, nifikirie, nigeuze. Kila nyumba niliyoiona nikasema hii ijayo. Mwisho nyumba zikaisha.”

“Na Moreto?”

“Nilikuwa nampeleka mkewe.”

“Hilo si jibu.”

“Najua.”

“Siku nne unamtazama yule mwanamke amekaa kwenye benchi.”

“Anashika shati langu nyuma nikiendesha,” alisema Ukasha, na hapo ndipo alipovunjika, akaketi kwenye mchanga akilia kwa sauti, mtu mzima na kofia yake. Rukaya alikuwa na hasira naye, hasira kubwa, na alimwonea huruma, na moja haikuondoa nyingine. Alimwacha alie hadi alipoweza kusimama mwenyewe.

Kwa mzee Kisemei walisimama dakika kumi. Mzee alikumbuka vizuri. Ijumaa, baada ya mvua, kijana alipita peke yake, amelowa hadi kifuani, akawapungia. “Tulisema huyu leo ana haraka,” mzee alisema. Alipoelezwa, aliitazama kamba iliyokuwa imening'inia mlangoni. Akaitoa, akaenda kuiweka ndani.

*

Ukasha aliomba kuandika maelezo ya onyo kwa mkono wake, nayo ni haki yake. Aliyaandika kwa Kiswahili, kurasa mbili, mbele ya shahidi, kabla ya magharibi. Mwishoni aliuliza kama anaruhusiwa kupiga mstari. Rukaya alimwambia maelezo ya polisi hayana mstari. Kila kitu kinatakiwa kuwa kweli. Akatia sahihi.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi Afande Richard alikuwa ameshayasoma mara mbili. Alitazama picha za madaftari matano, picha ya mzizi, bahasha ya gome, akampigia mwendesha mashtaka. Koplo Abdi alisimama kando na lile daftari la kwanza, akijaribu kufuta wino mwekundu kwa kifutio cha penseli.

“Acha, utalitoboa,” alisema Rukaya. “Ni mali ya mtu.”

Kisha akampigia Hosiana, kwa sababu kazi hiyo haipewi koplo. Alimweleza yote, taratibu, pamoja na korongo na kwa mzee Kisemei. Upande wa pili honi za mabasi zilisikika, na mtu akiuliza bei ya machungwa bila kujibiwa.

“Alishika muda mrefu?” Hosiana aliuliza.

Daktari alikuwa ameandika makadirio yake. Rukaya alikuwa nayo mbele yake.

“Muda mrefu, dada. Alikuwa anataka kufika.”

Simu haikukatwa. Rukaya alikaa nayo sikioni mpaka honi ziliponyamaza.

Saa mbili na robo Moreto alitolewa. Alipewa mkanda, viatu vyake vya matairi, fimbo, na daftari. Alitia dole gumba penye nafasi ya sahihi, kisha akalitazama, akaomba kalamu, akaandika jina lake juu ya dole. Ukumbini, kwenye kiti karibu na ukuta, Ukasha alikuwa amekaa na pingu akisubiri kupelekwa. Askari waliokuwapo walijisogeza, maana walijua kinachoweza kutokea. Rukaya alisimama katikati, si mbali sana.

Moreto alisimama mbele ya kijana.

“Afande ameniambia,” alisema. “Siku tano zangu sikuulizi. Nakuuliza mwalimu. Alikuita?”

“Aliniita.”

“Kwa jina?”

“Kwa jina.”

Moreto alivuta pumzi. Machozi yalimshuka usoni waziwazi, wala hakuyafuta.

“Mimi aliniita kila siku mle darasani,” alisema. “Moreto, soma. Nilikuwa naogopa, maana jibu sikuwa nalo hata siku moja. Lakini nilikuwa nasimama.”

Akachukua fimbo yake, akatoka nje kwa mke wake.